Kabla hujafunga mkoba: jibu kwa mama anayesubiri kupandikizwa uloto

"Sista, shikamoo. Nina miaka 41, mama wa watoto wawili, mmoja ana miaka 10 na mwingine 6. Mwaka jana niligundulika na saratani ya damu, nikatibiwa, na sasa vipimo vinaonyesha imetulia. Madaktari wanasema nisipopandikizwa uloto inaweza kurudi. Mdogo wangu wa kike amepimwa na uloto wetu umeoana, ingawa mimi damu yangu ni kundi O na yeye ni A, jambo ambalo sijalielewa. Nalazwa baada ya wiki tatu, na nimeambiwa nijiandae kukaa wodini mwezi mmoja au zaidi. Sijui nifungashe nini. Jirani ananihimiza nifunge kula na ninywe dawa za mitishamba ili damu isafike kabla ya operesheni. Operesheni yenyewe naiogopa, naogopa mdogo wangu asije akadhurika, na naogopa kufungiwa chumbani peke yangu. Mwanangu mdogo ameniuliza kama nikirudi nitakuwa nimegeuka mama mdogo. Sikuwa na jibu. Nijiandaeje?"

Marahaba, mama. Nimeuguza katika wodi ya upandikizaji muda wa kutosha kujua kwamba anayeuliza afungashe nini huwa ana maswali mengine matano chini ya hilo. Wewe umeyaandika yote, na umenirahisishia kazi. Mkoba nitauacha hadi karibu na mwisho, maana ndio mwepesi kuliko yote.

Kwanza tuliondoe neno "operesheni". Hakuna operesheni. Hutapigwa sindano ya usingizi wala kupasuliwa, na hakuna mfupa utakaofunguliwa. Siku hiyo utakuwa kitandani ukiwa macho, na muuguzi ataleta mfuko wa seli za uloto za mdogo wako, unaofanana sana na mfuko wa damu, atautundika kwenye stendi ya dripu na kuuunganisha na mpira uliowekwa kwenye mshipa wako mkubwa. Utaingia kwa saa moja hadi saa chache. Tutakuwa tunakupima presha na joto kila mara, kwa sababu wapo wanaopata baridi au vipele, kama inavyoweza kutokea mtu anapoongezewa damu yoyote. Ikiwa seli za mdogo wako zitakuwa ziligandishwa kwanza, dawa inayozihifadhi itakufanya unuke kitu kama kitunguu saumu kwa siku moja au mbili. Wewe mwenyewe huenda usisikie, ila chumba kizima kitasikia. Kitu pekee kinachokaribia upasuaji ni kule kuwekewa huo mpira, na mara nyingi huwekwa kwa ganzi ya sehemu hiyo tu. Wagonjwa wengi mfuko ukiisha huniuliza, "Ndiyo hiyo tu?" Ndiyo hiyo tu.

Seli shina, yaani zile seli za uloto zinazozaa seli zote za damu, zikishaingia kwenye damu hujitafutia njia. Mifupa yako hutoa kemikali inayozivuta, nazo zina vipokezi vya kuitambua, hivyo hutoka kwenye damu na kwenda kukaa ndani ya mfupa bila mtu kuzielekeza. Daktari wa Marekani E. Donnall Thomas na wenzake waliandika mwaka 1957 kuhusu kuwapa wagonjwa uloto kupitia mshipa, na mwaka 1990 Thomas akapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo ya upandikizaji. Dawa zimebadilika sana tangu wakati huo, lakini mlango bado ni ule ule: mshipa.

Kinachochosha, na kinachobeba hatari, ni siku zilizo kabla na baada ya mfuko. Wodini utatusikia tukihesabu siku kwa namna ya ajabu. Siku ya mfuko tunaiita siku ya sifuri. Zilizo kabla yake zinahesabiwa kurudi nyuma, sita, tano, nne, na katika hizo utapewa dawa kali za tibakemikali (kemo), pengine pamoja na mionzi. Dawa hizo zina kazi mbili. Zinaua mabaki ya saratani yasiyoonekana kwenye vipimo, na zinaulaza ulinzi wa mwili wako usije ukazikataa seli za mgeni. Uloto wako wa zamani nao unakwenda humo humo. Kwa hiyo siku ya sifuri inapofika, una nyumba tupu na wapangaji wapya ndio kwanza wanaingia.

Hapa ndipo ninapotaka utulie usome taratibu, kwa sababu mengi nitakayokushauri yanatokana na hili. Seli nyekundu za damu huishi kama siku 120, kwa hiyo hazimaliziki mara moja. Plateleti, zile chembe zinazozuia damu kuvuja, huishi siku 7 hadi 10. Nyutrofili, askari wa kwanza wa kupambana na bakteria, huishi muda mfupi mno, na uloto, ambao ndio kiwanda cha damu, ukifungwa hupotea ndani ya siku chache. Seli nyekundu tunaweza kukuongezea kutoka kwa wachangiaji, na plateleti pia. Nyutrofili hazina akiba ya namna hiyo katika tiba ya kila siku. Inabidi tusubiri kiwanda kipya kianze kuzalisha, na kwa anayepokea seli za mtu mwingine hilo huchukua takribani wiki mbili hadi nne baada ya siku ya sifuri. Nyutrofili zikifika 500 katika kila maikrolita ya damu kwa siku tatu mfululizo, tunasema pandikizi limeshika. Siku hiyo hata wafagizi wa wodi huwa wana habari.

Sasa ona jinsi familia inavyoumia bila sababu. Siku ya sifuri watu hupiga picha, wanaomba, wanapigiana simu kwamba imekwisha salama. Wiki moja baadaye mgonjwa hawezi kumeza mate, ana homa, nywele zinabaki kwenye mto, na ndugu wanadhani pandikizi limekataa. Mara nyingi halijakataa. Ndiyo kalenda yenyewe. Dawa za kabla ya sifuri huonyesha makali yake baada ya sifuri, na shimo lenye kina kirefu huwa kati ya siku ya tano na ya kumi na nne, au kidogo baadaye. Waambie mapema, mume, mama, mdogo wako, na yeyote atakayekuwa anapokea simu. Waambie kwamba wiki ya pili utaonekana mbaya kuliko siku uliyolazwa, na kwamba tunalitarajia hilo. Kwangu mimi haya ni maandalizi makubwa kuliko chochote utakachoweka kwenye mkoba.

Nikiambiwa nichague sehemu moja tu ya mwili ya kuandaa, nitachagua kinywa. Watu huogopa vijidudu vya wageni, na wana haki, lakini maambukizi mengi ya kipindi kile hutoka kwa mgonjwa mwenyewe. Dawa za kemo hulenga seli zinazogawanyika haraka, na utando wa kinywa na wa utumbo ni katika hizo. Utando ukichubuka, bakteria waliokuwa wakiishi mdomoni na tumboni mwako bila ugomvi hupata mlango wa kuingia kwenye damu, na walinzi hawapo. Kwa hiyo wiki hii, si ijayo, muone daktari wa meno. Jino bovu linaloweza kuvumiliwa leo linaweza kuwa chanzo cha homa kali wakati ule, na kama linahitaji kung'olewa, kidonda chake kinataka angalau wiki mbili za kupona kabla dawa hazijaanza. Una wiki tatu. Zinatosha, ila hazina ziada. Mwambie daktari wa meno kwamba unaandaliwa kwa upandikizaji, na kabla hajagusa jino azungumze na timu yako kuhusu plateleti zako na antibiotiki.

Zoea kuanzia sasa mswaki laini kabisa na kusukutua mara kadhaa kwa siku kwa maji yenye chumvi kidogo, au maji maalumu yasiyo na spiriti ambayo hospitali itakupa. Ukishalazwa utafanya hivyo hata siku usiyotaka kufungua mdomo. Kuna dawa moja ya kemo, melfalani, ambayo ukipewa utaambiwa unyonye vipande vya barafu wakati inaingia. Baridi hubana mishipa ya kinywa, dawa ikafika hapo kwa uchache. Ikiwa imo kwenye mpango wako, uliza juu ya barafu. Na vidonda vikija, kubali morfini. Kila mwaka nakutana na mtu anayevumilia maumivu kwa kuogopa kuwa mraibu. Morfini ya siku chache kwa ajili ya vidonda vya kinywa hupunguzwa taratibu utando unapopona, na mtu asiyeumia sana husukutua, humeza na hutembea, mambo ambayo ndiyo yanayomponya.

Kutembea nako tukuzungumzie. Misuli huyeyuka haraka kitandani, na wewe utakuwa kitandani wiki nyingi huku unakula kidogo. Tumia wiki hizi tatu kujiwekea akiba. Tembea kila siku hadi uhisi pumzi inakwenda mbio kidogo, na mara mbili kwa siku kaa kwenye kiti na kusimama bila kushika mikono ya kiti, mara kumi. Zoezi la kiti linaonekana la kitoto, lakini ndilo utakalolihitaji siku ya kwenda chooni bila kushikwa. Kama wingi wa damu yako au plateleti bado viko chini, uliza kwanza kiasi gani kinakufaa. Wodini tutakuondoa kitandani hata kwa dakika kumi, na utatuchukia. Tumezoea.

Ndiyo maana ushauri wa jirani, pamoja na nia yake njema, siukubali hata nusu. Kufunga kutakupunguzia akiba ile ile tunayoitaka. Mitishamba nayo ina matatizo mawili. Majani na mizizi iliyokaushwa inaweza kuwa na kuvu, ambao kwa mtu mwenye kinga ni kitu kidogo, lakini kwa asiye na nyutrofili wanaweza kuota kwenye mapafu. Tena ini lako litakuwa na kazi ya kuchakata dawa kali kwa vipimo vya uangalifu, na mitishamba mingine huharakisha au huchelewesha kazi hiyo bila sisi kujua. Kama umekwisha kunywa, usione aibu, mwambie daktari ni nini na lini, hata ukiwa hujui jina lake. Hakuna atakayekugombeza. Na damu haihitaji kusafishwa, kwa sababu dawa za kabla ya siku ya sifuri zitaufagia uloto wote.

Chakula, maadamu tumekigusa: hospitali hutofautiana. Kwa miaka mingi wagonjwa wa upandikizaji walikatazwa matunda mabichi na mboga mbichi zote. Tafiti za miaka ya karibuni hazikuonyesha kwamba katazo hilo pana linapunguza maambukizi, kwa hiyo baadhi ya wodi zimelegeza na nyingine bado zinashikilia. Fuata ya wodi yako. Kisicho na ubishi ni kwamba nyama, samaki na mayai viive kabisa, maziwa yawe yamechemshwa au kusafishwa kiwandani, na kisiliwe chakula kilichokaa nje saa kadhaa.

Tuje kwa mdogo wako. Makundi ya damu kwanza. A na O ni alama zilizo kwenye seli nyekundu. Kuoana kunakotafutwa kwenye upandikizaji ni kwa alama nyingine, zinazoitwa HLA, ambazo zimo karibu katika seli zote za mwili na ndizo zinazouambia ulinzi huyu ni wetu, huyu si wetu. Jeni zake zipo kwenye kromosomu ya 6, na za kundi la damu zipo kwenye ya 9, hivyo zinarithiwa kila moja kwa njia yake. Kila mzazi anakupa nusu yake ya HLA, na ndiyo sababu ndugu wa baba mmoja na mama mmoja wana nafasi ya asilimia 25 tu ya kuoana kikamilifu. Umepata bahati ambayo ndugu watatu kati ya wanne hawaipati. Tofauti ya O na A inashughulikiwa: maabara inaweza kuondoa sehemu kubwa ya seli nyekundu kwenye mfuko, na huenda seli zako nyekundu zikachelewa kuanza kuzalishwa, ukaongezewa damu mara nyingi zaidi.

Yeye atachangia kwa njia moja kati ya mbili. Ya kwanza, atachomwa sindano kwa siku nne au tano za kuzihamisha seli shina kutoka kwenye mifupa kuingia kwenye damu, kisha ataunganishwa na mashine inayochuja seli hizo kwa saa kadhaa na kumrudishia damu iliyobaki. Sindano hizo huleta maumivu ya mifupa na ya kichwa, kama mtu anayeumwa mafua, na huisha zikisimamishwa. Ya pili, atalazwa usingizi na uloto utavutwa kwa sindano kutoka mfupa wa nyonga, upande wa nyuma. Ataamka na kiuno kilichokakamaa kwa siku chache au wiki hivi. Kwa njia yoyote, mwili wake utajaza pengo hilo ndani ya wiki chache, hapotezi kiungo. Kwako wewe kuna tofauti. Seli za kwenye damu hushika haraka zaidi, lakini huongeza uwezekano wa ule ugonjwa wa muda mrefu ambao seli mpya huushambulia mwili. Katika saratani za damu madaktari wengi huchagua njia ya damu. Kwa magonjwa yasiyo ya saratani, kama selimundu, mara nyingi huchagua nyonga. Uliza timu yako imechagua ipi na kwa nini.

Kuna jambo gumu hapa, na ni afadhali ulisikie kwangu. Mdogo wako ana haki ya kukataa, na anapaswa kuulizwa akiwa peke yake, na daktari asiye wako. Lakini akikataa baada ya wewe kuanza dawa za kabla ya sifuri, utabaki bila uloto wa kwako na bila wa kwake, na hilo linaweza kuua. Kwa hiyo hofu zake zote ziwekwe mezani sasa. Usimbembeleze, mpe nafasi ya kuuliza. Zipo hospitali zinazozigandisha seli kabla mgonjwa hajaanza dawa ili kuondoa wasiwasi huo, na unaweza kuuliza kama yenu hufanya hivyo.

Huo ugonjwa niliougusa nao una sura mbili. Seli za ulinzi za mdogo wako zinaweza kuiona ngozi yako, utumbo wako na ini lako kuwa ni vya mtu mwingine, na kweli ni vya mtu mwingine. Uwezo huo huo ndio unaowinda mabaki ya saratani, kwa hiyo madaktari hawataki kuuzima kabisa, wanataka kuushika kwa lijamu. Lijamu yenyewe ni vidonge kama siklosporini au takrolimasi, utakavyomeza kwa saa zile zile kila siku kwa miezi. Siku za kupimwa kiwango cha dawa kwenye damu, usimeze cha asubuhi kabla ya kutolewa damu. Tunda la balungi uliache kabisa, kwani linapandisha kiwango hicho.

Chumba unachokiogopa kina mlango, na kina dirisha. Hewa yake hupitishwa kwenye vichujio vinavyonasa hata mbegu za kuvu, na husukumwa kwa nguvu inayozidi kidogo ile ya nje, ili mlango ukifunguliwa hewa itoke badala ya kuingia. Maua na mimea ya chungu hayaruhusiwi kwa sababu ya udongo na maji yake. Upweke upo, sitakudanganya, lakini malalamiko ninayoyasikia zaidi ni kukosa usingizi: tunapima joto na presha kila saa nne hata usiku, tunatoa damu kabla ya mapambazuko, na tunakupima uzito kila asubuhi. Uzito si kwa ajili ya unene. Ukipanda ghafla, huku tumbo likiuma upande wa kulia juu, ini linaweza kuwa limeziba mishipa yake midogo, na tunataka kulijua siku hiyo hiyo.

Kuhusu watoto kuja kukuona, kila wodi ina sheria yake ya umri, iulize sasa ili wasiahidiwe kisichowezekana. Mwenye mafua, kuhara au upele asije, awe mtoto au mtu mzima. Chanjo zao zisisimame, maana zinakulinda na wewe. Ila chanjo ya polio ya matone, ambayo ina kirusi hai, itajwe kwa timu yako kabla hawajapewa. Rekodi pia sauti yako ukiwasimulia hadithi za kulalia, nyingi kadiri uwezavyo, kabla hujalazwa. Zipo siku ambazo kinywa hakitakuruhusu kuongea kwa simu, na mtoto wa miaka 6 anahitaji sauti kuliko maelezo.

Haya, mkoba. Nguo laini za kufunguka mbele kwa vifungo, kwa sababu ya mpira kifuani, ziwe nyingi na zilizofuliwa kwa maji ya moto. Viatu vya ndani vya kufunika vidole visivyoteleza. Vitambaa vya kichwa. Nywele zikate fupi kwa mashine kabla hujaenda, kwani huanguka ndani ya wiki mbili au tatu za dawa, na kuokota nywele ndefu kitandani huvunja moyo. Usinyoe kwa wembe. Mafuta ya midomo na ya ngozi yasiyo na manukato, yakiwa mapya ambayo hayajafunguliwa. Chaja yenye waya mrefu, spika za masikioni, kitu cha kufunika macho usiku. Daftari na kalamu, kwani dawa zitakusahaulisha. Vitabu vizito viache. Macho yatachoka, utapenda zaidi kusikiliza. Pete iache nyumbani, vidole huvimba. Pedi chukua, ila usitumie vya kuingiza ndani, na uulize mapema kuhusu dawa ya kusimamisha hedhi, maana plateleti zikiwa chini inaweza kutoka kwa wingi wa hatari.

Nikiwa hapo hapo: dawa kali hizi mara nyingi huzima kazi ya mayai, na wengi wa umri wako huingia ukomo wa hedhi papo hapo. Kama ulikuwa na wazo la mtoto mwingine, kuhifadhi mayai kunawezekana kabla ya dawa tu, na wiki tatu ni muda mfupi, kwa hiyo piga simu kesho. Kama hukuwa na wazo hilo, bado waulize kuhusu homoni za baadaye, kwa ajili ya mifupa na joto la usiku.

Mtafute pia mtu mmoja, si watano, wa kukaa nawe ukitoka. Hospitali nyingi hutaka uishi karibu nao hadi kama siku ya 100, ukiwa na mtu mzima saa zote katika wiki za mwanzo, wa kukupima joto, kupanga vidonge na kukupeleka usiku ikibidi. Asiwe yule anayekupenda kupita wote kama akiona damu huzimia. Awe yule anayefuata ratiba. Mwandike pia, kwa karatasi, mtu atakayesema kwa niaba yako ukishindwa kusema, na mwambie unataka nini. Upandikizaji huponya watu, na wapo unaowaua. Muulize daktari wako hatari yako wewe, kwa umri wako na aina ya ugonjwa wako, kwa tarakimu. Una haki ya kujibiwa. Kinga yenyewe itachukua mwaka au zaidi kukomaa, na chanjo za utotoni zitarudiwa karibu zote.

Kuanzia leo hadi siku ya kulazwa, piga simu kwa timu yako usisubiri miadi ukipata homa, kikohozi, jino kuuma, kuhara, au ukikaa na mtu mwenye tetekuwanga. Kuahirisha wiki moja ni bora kuliko kuanza ukiwa na maambukizi. Na baada ya kuruhusiwa, joto likifika nyuzi 38, au ukitetemeka hata bila joto, ni kwenda hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana. Usimeze kwanza dawa ya homa, itaficha dalili. Ngozi kuwa nyekundu, kuhara maji maji, macho ya njano, kukosa pumzi, kuvuja damu, au kutapika vidonge vyako, vyote havisubiri kesho.

Limebaki swali la mwanao, ambalo ndilo nililolipenda kuliko yote. Mwambie hapana, utarudi ukiwa mama yake, lakini hajakosea sana. Seli zako nyekundu za kundi O zitakufa moja moja, zile mpya zitazaliwa za kundi A, na baada ya miezi kadhaa kundi lako litakuwa la mama mdogo. Maabara ikichunguza vinasaba vya damu yako itamkuta yeye humo. Ngozi, macho, ubongo na nywele zitakazoota upya vitakuwa vyako vile vile. Kadi yako ya kundi la damu ndiyo itakayohitaji kubadilishwa. Mpe yeye kazi ya kukukumbusha.